Ngoma Kubwa ya Mama Paskalia

Sisi wanawake wa kikundi cha muheme cha Ihumwa si watu wabaya. Ninaliandika hilo mapema kwa sababu ukimaliza kusoma hutalikubali, na mimi sina muda wa kubishana na mtu.

Muheme ni ngoma ya wanawake. Unaibana katikati ya mapaja, unaipiga kwa viganja, na mwanamume akiisogelea tunamfukuza. Katika kikundi chetu ngoma kubwa ina mwenyewe mmoja. Yeye ndiye anayeanza, na asipoanza yeye hakuna anayepiga, hata kama mvua inakuja na watu wanaondoka. Ngoma hiyo hainyang'anywi. Siku mwenyewe akichoka anaitoa kwa mikono miwili mbele ya watu, anasema, "Mimi basi. Chukua." Akishasema hivyo, haimrudii tena.

Mama Paskalia alikuwa nayo miaka ishirini na sita. Wote alitufundisha yeye, na alitufundisha kwa mwiko. Ukichelewa pigo, mwiko unatua kwenye vidole. Mimi kidole changu cha shahada hakinyooki mpaka leo. Lakini aliyeteseka hasa ni Witness, mke wa mwanawe. Siku tisa tu baada ya kujifungua aliitwa mazoezini, akapiga huku maziwa yanalowesha gauni, na mama mkwe akatuita tusogee tuone ng'ombe anayepiga ngoma. Tulisogea. Tulicheka pia, maana mwiko ulikuwa mkononi mwake.

Mwaka jana, wakati wa kupalilia mtama, mama akaanguka shambani. Kiharusi. Aliinuka, akaongea, akatembea, ila mkono wa kushoto ukalegea. Kuanzia hapo mazoezini aliketi tu na ngoma yake mapajani, akapiga nyimbo za polepole, na hakuna aliyethubutu kumwambia neno.

Ndipo akaja Gerson. Kijana mtanashati wa mjini, shati limenyooshwa hadi mistari inaonekana. Alikuwa ameanzisha maonyesho ya muziki wa dunia kwenye ukumbi wetu, kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa tisa alasiri. Alishampata mpiga kora kutoka Mali, Wahindi wawili wa tabla, na mzee mmoja Msandawe wa Chemba anayepiga upinde huku akiimba kwa lugha yao ile ya kugonga ulimi. Akatutaka na sisi.

"Nani anaongoza?" akauliza.

Tungeweza kusema palepale. Tungeweza kumwita mama pembeni kwa heshima, tukamwambia apumzike, atoe ngoma nyumbani mbele yetu, na mambo yakaisha. Badala yake Witness akapiga goti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama ataongoza," akasema. "Na tupige ule wa mavuno."

Wimbo wa mavuno unakwenda mbio, na kazi yote ni ya mkono wa kushoto. Kila mmoja wetu alilijua hilo. Mama Paskalia akamtazama mkwewe, machozi yakamlengalenga. Alidhani anaheshimiwa.

"Josephine, wewe unaonaje?" akaniuliza. "Mkono huu utaweza?"

"Umepona kabisa, mama," nikamjibu. Kikulacho ki nguoni mwako, na siku ile kikulacho kilikuwa mimi.

Jumapili ilipofika ukumbi ulijaa. Watumishi wa serikali na watoto wao, wanafunzi wa chuo, wageni wenye kamera. Tukaketi na shanga zetu, njuga miguuni, ngoma mapajani. Mama Paskalia akanyanyua mikono. Wa kulia ukapiga vizuri. Wa kushoto ukaanguka juu ya ngozi kama tambara bovu. Akaanza tena. Ukaanguka tena. Mara ya tatu haukunyanyuka kabisa.

Tungemjazia pigo lake, watu wasingejua. Lakini mila ni mila, tena siku ile tuliishika kuliko padri anavyoishika misale. Mikono yetu tukaiweka magotini. Ukumbi ukawa kimya, kimya cha kutisha, na yule mama akawa anatutazama usoni mmoja baada ya mwingine, watu aliowafundisha. Alipofika kwangu niliinama nikarekebisha njuga.

Mwisho akaichomoa ngoma mapajani. Ilimshinda kuinua kwa mkono mmoja, akaisukuma kwa tumbo mpaka kwa Witness.

"Mimi basi," akasema chinichini. "Chukua."

"Sijasikia, mama," akasema Witness.

Gerson, mwenye haraka zake, akakimbia na maikrofoni. Mama Paskalia akayarudia maneno yale, ukumbi mzima ukayasikia. Ndipo Witness akaichukua ngoma, akapiga wimbo wa mavuno nasi tukamfuata, na sitaki uongo, haujawahi kupigwa vile. Watu walisimama. Yule wa kora alikuwa analia.

Tulipokuwa tunarudi, mwenzetu Tabu aliuiga ule mkono unavyoanguka. Tulicheka mpaka tukakaa chini barabarani. Mama alikuwa nyuma yetu, hatua kama thelathini.

Jumanne Gerson akaja tena, amefurahi kupita kiasi. Wageni hawaongei kingine, akasema, ila ile sehemu ya kurithishana. Ule ukimya. Mama kizee anashindwa, anaitoa ngoma, anaambiwa hajasikika. Alidhani tuliitunga.

"Tuiweke kila mwezi," akasema. "Vilevile. Msibadilishe kitu."

Ngoma iliyokwisha kutolewa hairudi, nimeshasema. Lakini hatukuwa na ubishi. Kilichobaki kilikuwa nani akamwambie mama, nikatumwa mimi.

Nilimkuta anamenya karanga. Nikamwamkia, nikamweleza. Hakukasirika, na mimi ningependa angekasirika, angenipiga hata na huo mwiko. Alifikiri kidogo.

"Kabla ya kuitoa," akauliza, "nitaibana mwenyewe?"

"Ndiyo, mama. Dakika mbili hivi."

"Basi nitakuja."

Mwezi uliofuata alikuja. Alishindwa, akaitoa, Witness akasema hajasikia, na safari hii watu walipiga makofi kwenye neno hilo. Gerson alikuwa ameiandika sehemu hiyo kwenye karatasi za ratiba: Kurithisha Ngoma.

Kumbe huku nyumbani mama hakuwa amelala. Alikuwa anaukanda ule mkono kwa maji ya moto, anamenya karanga kwa mkono wa kushoto peke yake, anapiga sakafu kutwa nzima mpaka Noeli, mwanawe, akadhani amerukwa na akili. Sisi hatukujua.

Onyesho la tatu akanyanyua mikono. Wa kulia ukapiga, na wa kushoto ukashuka ukapiga. Sawasawa. Ukarudia, ukaongeza kasi, wimbo wa mavuno ukafunguka wenyewe, na mikono yetu ikaingia bila kutuuliza, maana yeye ndiye aliyeifundisha. Alikuwa anacheka. Miaka kumi na tisa nimekaa naye, sikuwahi kumwona anacheka kwenye ngoma. Mimi mwenyewe nilisikia furaha, nakiri.

Pembeni Gerson alikuwa anafunua karatasi zake, uso umemshuka. Watu wa mbele walitazamana. Witness akamwinamia mama mkwe wake, heshima zote, akamnong'oneza sikioni, nami nilikuwa karibu nikasikia.

"Kosea, mama. Watu wanasubiri."

Mama Paskalia akageuka kunitazama. Aliendelea kupiga, ananitazama tu. Nikaiondoa mikono yangu kwenye ngoma nikaiweka magotini. Tabu naye akaacha, kisha wengine, mpaka akabaki anapiga peke yake.

Akapiga mara mbili zaidi. Kisha akauangusha mkono wa kushoto vibaya, kama tulivyozoea, na Gerson akaleta maikrofoni.