Gundi ya Viatu

Kwa miaka ishirini na miwili nilimwekea Baba kinyongo kwa sababu hakupiga mandolini siku ya harusi yangu. Nilimwomba, Mama akamwomba, hata mchumba wangu akaenda kumwomba amevaa suti. Jibu lilikuwa lile lile: "Masikio yangu yameharibika. Sitaki kuwaaibisha." Tukakodi vijana wenye spika kubwa, nikacheza na mume wangu huku nimenuna.

Baba niliyemtaka siku ile ni Baba wa utoto wangu. Alikuwa fundi viatu, na chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Ukipita ungemwona ameinama, misumari midogo ameibana kwa midomo, kiatu cha mtu kimelala kifudifudi gotini. Alasiri alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia, kisha akaitungua mandolini ukutani. Ilikuwa na tumbo la mviringo kama nusu ya boga, na nyuzi nane zilizokaa mbili mbili. "Hawa ni mapacha," aliniambia. "Lazima waseme neno moja." Alikaza uzi, akausikiliza, akakaza na pacha wake mpaka sauti mbili zikawa moja. Mimi nilikaa juu ya rundo la soli, nimeshika pumzi. Akimaliza kupiga alifuta kila uzi kwa kipande cha flana ili jasho lisilete kutu, na ole wake mtu aliyeiweka karibu na dirisha lenye jua. Nikisikia harufu ya ngozi mbichi hata leo, moyo wangu unarudi kwenye chumba kile.

Kulikuwa na sheria moja ambayo Baba mwenyewe hakujua sababu yake. Aliyemuuzia alimwambia nyuzi zibadilishwe jozi moja moja, zisitolewe zote kwa pamoja hata siku moja. Baba akaishika sheria hiyo kama mtu anavyoshika maagizo ya daktari. Mimi alikuwa amenipachika jina la Kiherehere, kwa hiyo ungedhani angeificha mandolini mbali na mikono yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Baba na rafiki zake walikuwa na bendi ya watu wanne, nayo ilialikwa kupiga ukumbini Jumapili mchana, nami nikaamua kwamba chombo cha baba yangu ndicho kitakachong'aa kuliko vyote. Baba alikuwa ametoka kwenda kununua ngozi. Nikalegeza nyuzi zote nane na kuzitoa, nipate kufuta vumbi lililokaa chini yake. Pale pale daraja, yaani kile kibao chembamba kinachonyanyua nyuzi juu ya tumbo, likaanguka sakafuni. Nikajua nimeivunja. Lakini nyumba ya fundi viatu haikosi gundi. Nikachovya kijiti kwenye kopo, nikalibandika daraja mahali nilipoona panafaa, nikalikandamiza kwa vidole gumba huku nikisali. Nyuzi nikazirudisha nilivyoweza. Baba aliporudi nilimwambia nimepangusa vumbi tu. Akacheka, akakaza nyuzi, akasema leo kiherehere changu kimefanya kazi ya maana.

Kule ukumbini nyuzi zilipopigwa bila kubanwa zilisikika sawa. Vidole vilipopanda juu ya shingo, sauti ikapinda. Mzee Kodiani, mpiga kodiani wao na rafiki wa Baba tangu ujana, akageuka akamtazama. Baba akarudia, ikapinda tena. Nyumbani alikaza, akalegeza, akatia matone masikioni. Baada ya miezi miwili akaitundika mandolini na hakuipiga tena. "Masikio yamekwisha," alisema, nasi tukamwamini.

Tangu siku hiyo tukawa tunazungumza naye kwa kupaza sauti. "BABA, CHAI TAYARI!" Naye anaruka kwenye kiti: "Unanifokea nini? Si niko hapa hapa?" Tulisema ni ukali wa uzee, na wakati huo hata mvi hakuwa nazo. Mimi sikuwahi kuliunganisha jambo moja na jingine. Gundi ilishika, hakuna aliyenichapa, nikasahau.

Mama alipofariki mwaka jana, Baba alihamia kwangu. Nilipokuwa nikifungasha vyombo vya nyumba yao niliikuta mandolini juu ya kabati, imeviringishwa kwenye shuka kuukuu. Nikaipeleka kwa fundi wa magitaa bila kumwambia. Kinyongo changu kilikuwepo, ndiyo, lakini nilichoka kumwona amekaa sebuleni siku nzima, mikono mitupu.

Fundi alikuwa mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Aliigeuza mandolini, akachungulia chini ya daraja, akakwangua kidogo kwa ukucha.

"Kwenu kuna fundi viatu?" akauliza.

"Baba yangu. Umejuaje?"

"Daraja la mandolini halibandikwi, dada. Nyuzi zenyewe ndizo zinalikandamiza likakaa. Ukizitoa zote linaanguka, halafu ulirudishe kwa vipimo. Hili limegandishwa kwa gundi ya soli, tena limesogezwa nusu kidole. Ukiipiga hii utadhani masikio yako ndiyo yameharibika."

Nikakaa chini bila kukaribishwa. Ule mchana wa miaka thelathini na mitano iliyopita ukanirudia wote, na kopo lake na kijiti chake.

Alipasha kisu moto, akailainisha gundi na kuling'oa daraja polepole. Akapima kwa rula kutoka mwanzo wa shingo hadi kwenye chuma cha kumi na mbili kati ya vile vyembamba vilivyolazwa kukingama shingo, akaongeza urefu ule ule mbele yake, akatia alama ya penseli. Akafunga nyuzi mpya. Aligusa uzi katikati ukatoa sauti nyembamba, kisha akaubana pale pale akaupiga. Zile sauti mbili hazikulingana, akasukuma daraja unene wa ukucha. Zikalingana.

"Mwambie mzee nimebadilisha nyuzi tu," alisema akinikabidhi. Alikuwa ameshausoma uso wangu. "Nani atajua?"

Wazo hilo lilinipendeza sana. Njia nzima nilijiambia kwamba kunyamaza ni kumwonea huruma.

"SHIKAMOO BABA!" nilisema kwa mazoea nilipoingia.

"Marahaba. Jirani naye ameitikia," alinijibu.

Nikamwekea mandolini mapajani. Akaanza kukaza nyuzi, pacha kwa pacha, kichwa kimeinama vile vile. Akapiga. Mkono ukapanda shingoni taratibu, na sauti ikatoka safi. Akaacha kupiga. Akarudia. Machozi yakamlenga.

"Yamerudi," alisema. "Mungu mkubwa! Masikio yangu yamerudi! Hebu nipe simu nimpigie Kodiani."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Ningempa, angemtangazia rafiki yake muujiza, na mimi ningekula chakula meza moja naye kila siku nikiujua ukweli. Nilishindwa.

"Baba, masikio yako hayakwenda popote," nilisema, kisha nikamwambia yote.

Nilipomaliza akauliza, "Gundi ipi?"

"Ile ya soli."

"Ya kopo la njano?"

"Ndiyo, Baba."

Alitikisa kichwa. "Miaka thelathini na mitano mnanipigia kelele kama mnamwita mtu ng'ambo ya mto, nami nasikia kila kitu!" Nilicheka, nikaacha haraka, maana yeye hakuwa anacheka. "Siku ya harusi yako nilijifungia chooni. Mama yako alibisha hodi, nikamwambia tumbo linaniuma. Wimbo wa kukuchezesha nilikuwa nao tayari. Niliutunga wewe ukiwa bado unatambaa."

Nililia kwa sauti, mtu mzima wa miaka arobaini na sita, kwa sababu nilimnunia mtu niliyemnyang'anya muziki mimi mwenyewe. Baba hakunibembeleza. Aliishika mandolini akaanza wimbo ambao sikuwahi kuusikia, lakini kidole chake kidogo hakikufika kwenye uzi. Akajaribu tena, na tena. Vidole vilikuwa vimekakamaa.

"Sasa masikio yapo, vidole ndivyo vimeondoka," alisema. "Sogeza kiti."

Akanipakatisha mandolini, akakishika kidole changu kwa mkono wake mgumu akakiweka juu ya uzi. "Usibane juu ya chuma. Nyuma yake kidogo. Piga." Nikapiga, ikatoka mbaya. "Tena." Akakihamisha kidole, nikapiga, akakihamisha tena. Hivyo hivyo, sauti moja moja, wimbo wa harusi yangu ukaanza kutoka, unachechemea, unasimama njiani.

"Baba, umenisamehe?"

"Nyamaza kwanza," alisema, macho ameyafumba. "Nasikiliza."