Pikipiki Iliyomtoa Mama Miti

Siku ya mahari yangu mchumba wangu Honoré alileta ng'ombe na pikipiki. Ng'ombe ni desturi yetu. Pikipiki ilikuwa sharti la Mama: aliapa sitatoka nyumbani kwetu Ibanda mpaka aone pikipiki aina ya Virago, kama ile iliyomtoa yeye kijijini kwao Miti akiwa msichana. Honoré wa watu akaisaka hadi Kalehe.

Nilikuwa ndani, nachungulia dirishani. Wazee wa ukoo waliikagua kama wanavyokagua ng'ombe: wakaizunguka, wakaipapasa mgongo. Tonton Akonkwa, ndugu wa Papa asiyejua kunyamaza, akaanza somo la pikipiki. Yamaha walitangulia na Virago, Honda wakajibu kwa Shadow, Suzuki wakaleta Intruder, Kawasaki Vulcan, wote wakiiga pikipiki za Wamarekani, ambao walikasirika wakapandisha ushuru.

"Murudishe," Papa akamkatiza. "Hii haiko yenyewe. Ile nilimubebaka nayo Constance ilikuwaka Shadow."

"Virago," akasema Mama, Constance mwenyewe.

"Ni miye nilikuwa naendesha."

"Esansi ilituishia mu njia. Ukainua kiti, ukaitia chini yake."

Honoré akainua kiti. Mdomo wa tangi la petroli ulikuwa hapo hapo.

"Shadow wanaitia kwa juu," Papa akasema polepole. "Na miye esansi haikuniishiaka hata siku moja."

Tonton Akonkwa akaitikia kwa kichwa, kisha nikaona anajuta. Ndipo nikaelewa: aliyeinua kiti alikuwa mwanamume mwingine. Hata Mama alionekana kushangaa, kama mtu aliyechanganya safari mbili akazifanya moja. Nilimkasirikia sana. Alijipalia makaa, lakini ndoa iliyokuwa inaungua ilikuwa yangu.

Honoré alikuwa bado ameshika kiti, hajui akirudishe au aendelee kukiinua.

"Muipokee," Papa akasema mwishoni. "Mutoto aolewe."

Vigelegele vikapigwa. Nililia, na sikujua nalilia furaha au nini.

Papa akapanda Virago, akaiwasha. "Maman Gisèle, panda," akamwita Mama kwa jina langu. Mama akapanda, mikono hajui aiweke wapi.

"Tuende Miti," Papa akasema. "Utanionyesha njia yenye mulipita."

Njia ya Miti ni moja tu, na Papa anaijua tangu utoto. Mama akanyoosha mkono, akamwonyesha.