Ukungu Juu ya Ndiva

Sukari hakuwa nayo. Sabuni hakuwa nayo. Mkewe, Esta, alifulia majani ya mpapai. Mafuta ya taa hakuwa nayo, wala betri za redio, wala koti lisilo na kiraka, wala bati moja la kuziba pale mvua ilipozoea kuingia bila hodi. Mtoto wa kiume wa kumpokea jembe hakuwa naye. Alikuwa na binti mmoja tu, Rogathe, aliyeolewa Usangi. Na kwa kuwa orodha ya mtu haijatimia mpaka litajwe lile kubwa, tuseme wazi: Zefania hakuwa na subira.

Hayo mengine alikwisha kujifunza kuishi bila kuwa nayo. Ilipokuja miaka ya ruksa, maduka ya Same yakajaa vitu na mifuko ya watu ikabaki mitupu, alicheka tu. "Zamani tulitafuta sukari tusiione," alisema. "Sasa ipo dukani, inatutazama." Lakini kungoja kulimshinda. Walisema Zefania akipanda maharage jioni, asubuhi huenda kuyafukua aone kama yamekumbuka kuota.

Ndipo macho yake yakaanza kuingia ukungu.

Mwanzoni ilikuwa kama moshi wa jikoni uliosahau kutoka. Kisha milima ikaondoka. Asubuhi moja Shengena haikuwepo, na kesho yake haikurudi. Watu wakawa sauti kwanza, miili baadaye. Mwanga wa mwezi ukaota manyoya. Yote hayo angeyavumilia, hata akayaona yana uzuri wake, kama mtu anayetembea ndani ya usingizi akiwa macho. Kilichomuuma ni herufi. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la jioni, mikono ikiwa bado na udongo wa shamba, na tangu hapo yeye ndiye aliyesoma somo la Jumapili kanisani. Sasa kila alipofungua kitabu, herufi zilitawanyika kama siafu waliomwagiwa majivu. Akawa anashika kitabu mbele ya uso na kusema kwa moyo.

"Baba Rogathe," Esta alimwambia Jumapili moja njiani, "leo kitabu ulikishika kichwa chini."

"Nilikosea mahali?"

"Hukukosea hata neno. Ndiyo maana watu walitazamana."

Wakashuka wote wawili hadi hospitali ya misheni kule Gonja. Muuguzi aliyewapokea aliitwa Jenoveva, sauti yake changa, mikono yake baridi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Nimekuletea macho."

Jenoveva alimulika tochi jicho moja, akamulika la pili, akazima. "Ni mtoto wa jicho, baba, macho yote mawili. Daktari wa macho akipita huku atayapasua, nawe utaona. Lakini bado hajakomaa. Nenda nyumbani ungoje."

"Ningoje nini?"

"Nikileta vidole vyangu hapa mbele yako usivione, hapo uje."

"Yaani ningoje nipofuke, ndipo mnitibu nisipofuke?"

"Baba, mahindi machanga ukiyapukuchua unapata nini?"

"Maji."

"Basi."

Zefania alirudi mlimani amekasirika. Majirani wa Wapare husema Mpare hakubali hukumu ya kwanza, na Zefania hakutaka kuwaaibisha majirani. Alikata rufaa kwa Mungu. Kila asubuhi alipiga magoti akaeleza kesi yake: amehudumu kanisani miaka mingi, hajalewa, hajamdhulumu mjane, na anachoomba ni macho, tena ya kusomea Neno la mwenye mahakama. Alipomaliza hoja alisimama haraka, akatazama mlangoni kama anayetarajia tarishi. Mlangoni palikuwa na ukungu.

Aliyeingia mlangoni, wiki chache baadaye, ni Anold, mdogo wake Esta, aliyeuza mitumba kule Same.

"Shikamoo shemeji."

"Marahaba. Unanukia sabuni ya duka, basi ni Anold."

Anold akacheka, akaketi, akapewa makande. Alikula huku anaongea. "Shemeji, kungoja ni mambo ya zamani. Kuna mzee kule tambarare, mbele ya kijiji cha Bendera, anatumia sindano tu. Anakisukuma kile kiwingu pembeni, unafungua jicho, unamwona mke wako."

"Na asipokipenda anachokiona?" Esta aliuliza kutoka jikoni.

"Dada, mimi nimemwona kwa macho yangu mtu mmoja aliyetoka pale anasoma gazeti."

"Na waliotoka hawaoni, uliwauliza?"

"Hao sikuwaona."

"Na wao hawakukuona."

Anold akamgeukia Zefania, akashusha sauti. "Mungu hutumia watu, shemeji. Umeomba, amejibu, na jibu lenyewe ni mimi. Jumatano ijayo nakuja na gari la rafiki yangu. Uwe umevaa."

Maneno yale yalimwingia Zefania kama uji wa moto asubuhi ya baridi. Jibu! Usiku ule aliliona gari katika usingizi, jeupe, likipanda mlima bila kugusa barabara. Asubuhi alimwambia Esta atakwenda.

"Anold ni mdogo wangu, nampenda," Esta alisema akipepeta mchele usiokuwepo, maana ungo ulikuwa mtupu na mikono ilitaka kazi. "Lakini tangu azaliwe hajawahi kuwa jibu la swali lolote."

Siku mbili baadaye ilikuwa zamu ya Zefania kufungua ndiva.

Ndiva ni bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa na mababu pale juu ya mashamba. Kijito chake ni chembamba. Ukikiacha kitiririke mfululizo, mfereji mkavu unakinywa chote kabla hakijafika popote. Kwa hiyo jioni tundu la ndiva huzibwa, maji yakakusanyika usiku kucha, na asubuhi hufunguliwa kwa pamoja ili yashuke kwa nguvu hadi shamba la chini kabisa. Ndani ya ndiva kuna jiwe. Maji yakilifunika, unafungua. Kazi hiyo Zefania aliifanya tangu ujana na hakumwambia mtu kwamba sasa hawezi kuliona lile jiwe.

Alifika alfajiri peke yake. Akainama. Ndiva ilikuwa imejaa! Weupe ulitanda kutoka ukingo hadi ukingo, mtulivu, unatetemeka kidogo. Jiwe halikuonekana kabisa. Moyo wake ukaruka; mapema hivi, na tayari! Akauona kuwa ni ishara ya Jumatano. Akashuka upande wa pili, akang'oa gogo lililoziba tundu.

Sauti iliyotoka ilikuwa nyembamba, kama ya mtu anayesuuza kikombe. Akangoja ngurumo. Haikuja. Akapanda tena ukingoni kutazama, na ule weupe haukuwa umeshuka; ulikuwa umepanda, unamzunguka miguu, unamgusa kidevu. Akapeleka mkono ndani yake. Mkono ukapita mpaka kwenye jiwe, nalo lilikuwa kavu.

Alifuata maji kwa masikio. Yalipita shamba la kwanza yakinong'ona, yakayumba kwenye kona, yakalamba udongo, yakakata sauti karibu na mpaka wa shamba la Tumainieli. Huko chini watu walikuwa wamesimama na majembe.

"Mzee Zefania!" Tumainieli akaita. "Umetuletea maji, au habari za maji?"

"Maharage yangu yameyasikia yakija," akasema Honorata, mwanamke wa shamba la mwisho. "Yakasimama kuamkia. Sasa yamebaki na shikamoo mdomoni."

Wakacheka, naye Zefania angefurahi zaidi kama wangemtukana. Kisha Honorata akasema kwa upole, "Si neno, mzee. Ziba tena, tungoje usiku mwingine." Wakaondoka.

Alirudi akaziba tundu, akaketi ukingoni. Jua likapanda nyuma ya ukungu kama sarafu ndani ya maziwa. Hakuomba. Hoja zilikuwa zimemwishia. Akasinzia, au hakusinzia, hata yeye hakujua, na katika hali ile akasikia kijito kikiingia ndani ya ndiva, kidogo, kidogo, bila kumtazama mtu. Hakuna aliyewanyima maji usiku ule. Maji yalikuwa njiani yote, yanakuja kwa mwendo wake. Aliyeyakatisha safari ni yeye. Tena yale yaliyokwisha kutoka, hakuna mtu angeweza kuyarudisha juu. Udongo umeshayanywa.

Akagusa kope zake kwa vidole, taratibu, kama mtu anayegusa yai chini ya kuku.

Asubuhi iliyofuata alimwamsha Esta. "Njoo uwe macho yangu," alisema, na Esta, aliyeishi na mtu yule miaka yote bila kusikia maneno kama hayo, alijifunga kanga bila kuuliza.

Wakaketi ukingoni.

"Imejaa?"

"Bado."

Ndege mmoja akalia mgombani.

"Sasa je?"

"Baba Rogathe, ni bado ileile."

Bado, alifikiri. Siku zote neno hilo alilisikia kama mlango unaofungwa. Leo, kwa sauti ya Esta, lilikuwa kama mtu aliyesema nipo njiani. Baridi ilimwingia magotini. Ukungu ulikuwa nje ya macho na ndani ya macho, hakujua tena mpaka wake uko wapi, na hakutaka kujua. Alikuwa amekaa mbele ya Mungu bila faili mkononi. Ilipita muda mrefu kabla hajatambua kwamba ameacha kuuliza.

Kisha, upande wa kushoto, kitu kikabubujika. Maji yalikuwa yanamwagika juu ya ukingo. Esta akafungua kinywa, lakini Zefania akamwahi.

"Nimesikia."

Waling'oa gogo pamoja. Ngurumo ilitikisa ardhi chini ya miguu yao, ikashuka, ikapita kona, ikapita mpaka wa Tumainieli, na baada ya muda vigelegele vya Honorata vikapanda kutoka shamba la mwisho.

Siku ya soko, kabla ya ile Jumatano, Zefania alitaka karatasi. Esta alisema ataandika yeye. Zefania akakataa, hakusoma darasa la jioni ili aandikiwe barua. Basi Esta akamwekea bua la muhindi juu ya karatasi, akawa analisogeza chini kila mstari unapoisha, na Zefania akaandika herufi kubwa kama nyumba:

*Shemeji Anold. Salamu. Sisi wazima. Gari usilete Jumatano. Najua uliniletea neno hili kwa upendo, nami niliharakisha kulipokea. Nitangoja mpaka macho yakomae, kisha nitakwenda Gonja. Daktari akifanikiwa, nitashukuru. Asipofanikiwa, bado nitakuwa nimengoja kwa Mungu, si kwa mtu mwingine. Makande ya kwako yapo siku yoyote. Mimi Zefania.*

"Mstari wa pili umepanda juu ya wa kwanza," Esta alisema.

"Unasomeka?"

"Unasomeka."

"Basi uache ubebane na mwenzake."

Gundi haikuwepo. Esta alichukua chembe ya ugali wa jana, akailainisha kwa mate, akaipaka kwenye bahasha, akaikandamiza kwa kiganja hadi ikashika. Nje, Honorata alikuwa anapita na mzigo wake wa tangawizi kichwani, anakwenda kupanda gari la Same. Zefania alitoka mwenyewe, mkono mmoja ukutani, akanyoosha barua kuelekea kwenye sauti ya nyayo.

"Umpe Anold mkononi mwake," alisema.

"Haya, mzee. Asubuhi hii hii?"

"Ukifika."

Honorata akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, akaingia ukunguni akishuka.