Ubatizo wa Mama Mkwe

Wayua alikuwa amechoka kuwa simu ya watu wawili wenye masikio mazima.

"Wayua, mwambie mchungaji nataka kubatizwa kabla ya Alhamisi," mamake, Nzisa, akasema akiwa nje, mgongo kwa mlango. Alhamisi alikuwa anapasuliwa tumbo, na alikuwa ameapa daktari hatamgusa kabla maji hayajamgusa.

Mchungaji mwenyewe alikuwa hapo ndani, anakunywa chai. Mutunga, bwanake Wayua. Kila neno amesikia.

"Mwambie mama haiwezekani," akakiambia kikombe.

Shida ilikuwa nthoni, ile heshima ya Wakamba: mtu na mama mkwe wake hawaongei uso kwa uso, wala hawashikani hata mkono wa salamu. Na kanisa lao halinyunyizii mtu maji. Mchungaji anakushika, anakuzamisha mzima mzima.

"Mwaitu, mama yangu, si tuite yule pasta wa Emali?" Wayua akauliza.

"Huyo wa Emali simjui. Neno nimelisikia kwa huyu."

Hapo hakudanganya. Mwaka mzima amekuwa akikaa nje chini ya dirisha la kanisa, kwa sababu mkwe yuko ndani, na amina zake zinashinda za wenye viti.

Wayua akamgeukia bwanake. "Wewe si ulihubiri juzi ati mila haiokoi mtu?"

"Hayo yalikuwa mahubiri. Huyu ni mamako."

Nzisa hakubadilisha nia, na Jumatano watu wakajaa kwa silanga, lile bwawa la kijiji. Nzisa akaingia maji mpaka kiunoni, akampa Mutunga mgongo. Mutunga naye, majini hatua tatu nyuma yake, akaangalia milima ya Mbooni kama mtu anataka kuinunua. Kwaya ikaimba pambio moja mpaka likaisha ladha.

Wayua, na nywele amesuka jana tu ili aende hospitali akiwa mtu, akavua viatu, akaingia katikati yao.

"Shika mabega yangu," akamwambia Mutunga.

"Mabega ya nani?"

"Yangu, bibi yako! Ama siku hizi hata mimi nina nthoni?"

Watu wakacheka. Kitheka, mzee wa kanisa, akakohoa. "Mchungaji, shika. Mkono ukipitia kwa mtu bado ni mkono."

Wayua akamkumbatia mamake. Nyuma yake Mutunga akafunga macho, akataja Baba na Mwana na Roho, halafu akasukuma kama anasukuma pikapu iliyozama kwa mchanga. Wakaenda chini wote wawili. Wayua akameza matope, nywele zikakwisha. Ubatizo wake wa pili, na hata dhambi mpya hakuwa amepata nafasi ya kufanya.

Nzisa akatoka akilia na kucheka. "Nimeoshwa! Wayua, mwambie mchungaji asante."

"Mwambie mwenyewe! Mimi nimechoka!"

Pale kando chura alikuwa amekaa kwa jiwe. Nzisa akamgeukia.

"Wewe chura, mwambie mchungaji nimeshukuru. Sasa hata nikilala huko kwa daktari, nalala sawa."

Mutunga, macho tena kwa milima, akajibu. "Chura, mwambie mama hatalala, atarudi. Na kesho nitampeleka mimi mwenyewe na pikapu."

Pikapu ina kiti kimoja kirefu, huko mbele. Wayua akakamua nywele. Hakuuliza nani atakaa katikati.