Mabakuli ya Bochaberi

...na huo ulikuwa mlio wa tano wa bakuli kupasuka, au wa sita, Bochaberi hakujua tena, akabaki amechutama mbele ya tanuri lililozibwa, matofali yakimchoma uso, ukungu wa asubuhi umefunika kilima chote cha Manga, na nyuma yake mumewe Onyiego ameshika barua ya kurudi kufundisha, "Mama Sharon, mwalimu mkuu anangoja mpaka leo, ile nafasi yako bado iko," nafasi yako, miaka ishirini na mbili ya chaki, mpaka sauti ikamwisha, akaiacha akiwa na miaka arobaini na nane ili awe mfinyanzi, dada zake kule Kebirigo wakasema anachezea matope kama mtoto... pah, jingine, Mungu wangu, hayo ni mabakuli ya kanisa, kumi na mawili, ya kuoshana miguu Sabato ijayo, na Aloo alimwonya, yule mama kutoka ziwani aliyemfundisha kazi, alibonyeza kitako cha bakuli kwa kidole gumba akasema, "Mwalimu, hili bado lina maji, ngoja wiki moja," naye hakungoja, kwa nini hakungoja, kwa sababu Onyiego kila jioni alipita akitazama rafu tupu, akataka amwonyeshe, amwonyeshe tu kwamba hajarukwa na akili, "Tia sahihi, nitaipeleka mwenyewe," anasema kwa upole, na upole huo ndio unaomkata maini, afadhali angefoka... na akirudi je, saa nne atakunywa chai na walimu wenzake, atacheka wakicheka, mikono yake itakuwa safi, safi mpaka siku ya kuzikwa, na hapo ndipo machozi yakamtoka, si kwa mabakuli, mabakuli yameshapasuka, ni kwa hiyo mikono safi, "Unanisikia?" anamsikia, machozi yanakauka kwa joto kabla ya kufika kidevuni, yote yamekwenda, yote, na kumbe anawaza vitako, vilikuwa vinene mno, vinatakiwa viwe vyembamba, vikae kivulini wiki mbili, hata tatu, atazame anayetaka kutazama, "Mama Sharon, niambie kitu," na yeye hajageuka, hajainuka, anajaribu kukumbuka kama mvua ya jana imejaza maji lile shimo la udongo wa kufinyangia kule bondeni, au bado mtu anaweza kuchimba.