Kichanga Chenye Ndevu

Sosandro alirudi Karisto asubuhi kweupe, amekonda, ndevu zimemfika kifuani, na mtu wa kwanza kukutana naye akamtupia jiwe. Hakumlaumu. Meli yake ilizama, mbao zikaonekana zikielea, na mji mzima ukamchimbia kaburi tupu, ukamlilia kwa waliaji wa kukodi na kumwaga divai na asali ardhini ili asije akawasumbua. Walikuwa wameshamalizana naye. Sasa huyu hapa, anauliza kama kuna mkate.

"Mimi si mzimu!" alipiga kelele mbele ya nyumba yake. "Maharamia walinikamata, nikawasagia unga huko Krete. Kleito, fungua!"

Kleito, mdogo wake, alitokeza kichwa kwenye dirisha la juu. Alikuwa amevaa joho la Sosandro. Mavuno yaliyopita alikuwa amemwoa pia Nikareta, mjane wa Sosandro, na kurithi mizabibu na mbwa.

"Pole na safari, kaka," alisema. "Ila ulishazikwa. Maiti akipita mlangoni, nyumba inanajisika. Ningekuwa na uwezo, ningekufungulia."

"Maiti babu yako!"

"Babu yetu, kaka. Na yeye hatumfungulii."

Nyuma ya bega lake alichungulia Nikareta. Hakupiga yowe. Aliziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yakamtiririka, na Sosandro akaona kwamba hakuvumilia bure kule kwenye jiwe la kusagia. Mizabibu Kleito angeweza kuitafuna na mizizi yake. Yeye alimtaka mkewe, basi.

Akaitwa Mirina, kuhani wa mungu wa kike Artemi, mama mwenye maneno marefu na pumzi fupi. Alimzunguka Sosandro, akamnusa, akasema dawa ipo. Aliyezikwa akarudi huzaliwa upya: hupita chini ya gauni la mwanamke kama atokavyo mtoto, huoshwa, hufungwa vitambaa, hunyweshwa maziwa, kisha bwana wa nyumba humbeba na kulizunguka meko naye, ishara kwamba amempokea. Akishapokewa, yu hai tena, na haki zake zote.

"Tuanze," alisema Sosandro.

"Tulia, mwanangu. Mama yako mzazi ni marehemu, kwa hiyo tutamwomba bibi yule muuza vitunguu, ana uzoefu, maana ukichagua mwanamke ambaye..."

Sosandro hakuwa mtu wa kungoja sentensi iishe. Hata meli ile ilizama usukani ukiwa mkononi mwake, nahodha akiwa katikati ya kumweleza habari za mwamba fulani.

"Vitunguu tena? Mimi nitazaliwa na Nikareta."

"Sosandro, mwache mama amalize kwanza," Nikareta aliita kutoka juu.

"Nimengoja vya kutosha, mke wangu! Shuka!"

Mirina alifungua mdomo, lakini Kleito alimwahi. "Jamani, mwenye kuzaliwa ameshachagua," alisema, na tabasamu lake lilikuwa pole mno.

Nikareta akaketishwa kwenye kigoda cha uzazi nje ya mlango. Majirani walikuja na tini za kutafuna, wakagombania nafasi za mbele. Sosandro akatambaa chini ya gauni kutoka nyuma. Mle gizani mlinukia majani ya zaatari, kama kitandani kwao zamani, na moyo wake ukayeyuka. Nikareta aliinama, akanong'ona: "Mpumbavu wee, rudi ulikotoka." Sosandro alidhani anabembelezwa. Akasukuma.

"Mwanamume!" alitangaza mkunga aliyeitwa kumpokea. "Na meno anayo!"

Wakamwosha, wakamviringisha shuka mpaka shingoni, mikono ndani. Mnyonyeshaji wa mtaa alikataa katakata, kwa hiyo akakamuliwa maziwa ya mbuzi mdomoni kwa sifongo.

"Mama wa mtoto ni nani?" aliuliza Mirina kwa sauti ya ibada.

"Mimi," alisema Nikareta, kwa shida.

"Na baba?"

"Mimi hapa!" alisema Kleito, anang'aa uso mzima.

Sosandro akatema maziwa. "Ngojeni. Mama? Mama wa nani?"

"Ndilo nililotaka kukwambia, mwanangu," alisema Mirina. "Mtoto hamwoi mama yake. Miungu huko juu wana mambo yao, lakini hapa Karisto hatuna mchezo huo."

Sosandro alijitupa huku na huku ndani ya shuka. Hakuna aliyejali, vichanga ndivyo walivyo. Kleito akamnyanyua kwa furaha, akaingia naye ndani, akaanza kulizunguka meko. Mzunguko wa kwanza aliimba. Wa pili akawa mwekundu. Wa tatu, wa mwisho, akawa wa zambarau, akaumaliza, akaanguka kifudifudi na kichanga kikamwangukia mgongoni. Walipomgeuza alikuwa ameshakufa, tabasamu lingali usoni.

Wazee wakashauriana. Mtoto alikuwa amepokewa kihalali, na baba amefariki. Basi mtoto ndiye mrithi.

"Hongera," Mirina alimwambia Sosandro pale majivuni. "Nyumba yako, mizabibu yako, mbwa wako. Na mama yako yuko chini ya mkono wako mpaka umwoze."

"Nimwoze nani?"

"Yeyote umtakaye. Isipokuwa wewe."

Mwokaji mikate wa jirani, mjane wa siku nyingi, alikuwa tayari anajikung'uta unga. Akasogea, akachuchumaa, akatoa kofia. "Bwana mdogo," alisema kwa adabu, "najua una msiba wa baba. Lakini kuhusu mama..."

Sosandro alimtazama Nikareta, akitumaini atacheka na mambo yote yageuke mzaha. Nikareta hakucheka. Alikuwa akimtazama kama siku ile meli ilipong'oa nanga. Hapo Sosandro akaangua kilio, kilio kikubwa cha kwikwi, na mikono imefungwa, hata kamasi hawezi kufuta.

Watu wakaanza kumnyamazisha. Nikareta akapiga magoti, akamfuta pua kwa pindo la gauni lake.

"Mwacheni alie," aliwaambia. "Bado mchanga."