Mchi na Mkono

Nilipopanga chumba kwa Mzee Amponsem, kule Mampong, mkewe alikuwa hai bado. Kila siku saa kumi alasiri walitwanga fufu uani. Mzee alisimama na mchi mrefu, Mama Konadu akaketi kwenye kigoda kando ya kinu, na kila mchi ulipoinuka mkono wake uliingia kugeuza donge la mihogo na ndizi. Hawakuwa wakitazamana. Walikuwa wakipiga umbea tu, wa kanisani na wa sokoni, huku mchi unashuka. Mimi ni mshonaji, mtu wa kaskazini, Bolgatanga. Kwetu hatutwangi, tunasonga tuo, ugali laini wa mtama. Nilikuwa naacha cherehani niwatazame.

Mama Konadu alifariki mwezi wa pili. Arobaini ikapita, ndugu wakarudi makwao, ua ukanyamaza. Mzee akawa mtu wa chai na mkate. Siku moja alikwenda kula kwa mama ntilie wa stendi, akarudi mapema.

"Vipi fufu yao, Mzee?"

"Wanasaga kwa mashine," akasema. "Halafu watu wanakula wamekupa mgongo."

Jumapili moja alitoka kanisani akanikuta nafua.

"Ayinpoka, unaogopa mchi?"

"Sijawahi kuushika."

"Nani kakwambia uushike? Wewe utageuza. Nyinyi wa kaskazini mnajua kusonga tu, kama mnakoroga chokaa ya ukuta."

"Na nyinyi mpaka mpigane na chakula kwanza ndiyo mkile."

Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu msiba.

Akamenya, akachemsha. Nikanawa mikono, nikaketi kwenye kile kigoda. Mwanzoni tulikwenda polepole. Akisema "ingia," naingiza mkono. Akisema "toka," natoa. Donge likaanza kushikana. Baadaye akaacha kusema, mikono yangu ikawa inajua yenyewe, na hapo ndipo alipoanza kuzungumza. Mchungaji mpya anahubiri kama ana basi la kuwahi. Yule mama wa kwaya kapoteza miwani tena. Alisema kwa sauti ya chini, ya mtu aliye chumbani kwake.

"Nilikwambia, Konadu, yule mama, miwani yake ataikalia siku moja."

Sikumsahihisha. Niligeuza tu. Lakini mwenyewe alisikia alichosema. Mchi ukayumba, ukashukia vidole vyangu viwili.

Aliutupa chini, akanishika mkono, akauzamisha kwenye ndoo ya maji baridi na kuushikilia humo.

"Miaka arobaini na mmoja," akasema, "mchi wangu haukuwahi kumgusa hata ukucha."

"Ni ajali, Mzee. Mimi ndiye sijui kugeuza."

"Hapana. Wewe ulikuwa unajua."

Fufu ilikuwa na madonge madogo madogo. Aliigawa bakuli mbili, akamwagia mchuzi, akaniwekea yangu juu ya kigoda. Kisha akachukua yake, akaingia ndani na kufunga mlango. Nilikuwa nimedhani tutakula pamoja. Chakula hakiliwi kwa mkono wa kushoto, kwa hiyo nikamega kwa vidole vitatu vilivyobaki vya kulia, peke yangu uani, mchana kweupe.

Kucha zikawa nyeusi, zikang'oka, zikaota nyingine. Nikamwendea.

"Vidole vimepona, Mzee. Tutwange leo?"

"Fufu imenichosha, binti yangu," akajibu, macho yakiwa barabarani.

Wiki iliyofuata mpwa wake alikuja na pikapu. Wanaume wawili wakakibingirisha kinu hadi nje ya geti. Mzee aliwaelekeza wapitie wapi, mpole kabisa, kama anayesindikiza mgeni.

Siku chache baadaye nilisonga tuo kwa mlenda, nikampelekea. Alimega, akaonja, akatafuna kitambo chakula kisichotafunwa.

"Hii inasongwa na watu wangapi?"

"Mtu mmoja."

"Mwiko mmoja?"

"Mmoja tu, Mzee."

Akamega tena, akameza.

"Basi nifundishe."

Nikamfundisha, siku tatu. Alikuwa mwepesi wa kushika, mikono yake bado ina nguvu. Sasa husonga mwenyewe chumbani, kidogo, cha kumtosha. Nami nakula changu upande wa pili wa ukuta. Hajaniita, nami sijabisha hodi.